Kinywa cha Kuvu na Kikwembe cha Mama

Kwetu Butembo kitu kikioza watu husema udongo umekikula. Nguzo ya nyumba ikikatika chini, udongo umekula. Gunia likisahauliwa kwenye kona ya ghala mpaka likabaki vumbi, udongo umekula. Maneno hayo yalikuwa yakinipandisha hasira tangu nilipoanza masomo ya biolojia, na mimi nilikuwa na ugonjwa wa kusahihisha watu, wakubwa kwa wadogo, hata kwenye mlango wa kanisa. Udongo hauli kitu, nilikuwa nikisema. Udongo hauna kinywa. Anayekula ni kuvu na wenzake. Mama alikuwa akinitazama toka chini mpaka juu, kisha anauliza: "Sasa siku utaolewa, bwana yako utamupikia nini? Masahihisho?"

Wakati huo baba alikuwa hai, na sote tulicheka.

Baba alikuwa mchuuzi wa vyakula. Alinunua viazi Lubero na maharagwe Musienene, kwenye kilima alikozaliwa, akapakia yote kwenye lori na kuyateremsha Beni, kule kwenye joto. Katika vita vya pili vya Kongo barabara ya Beni ilikuwa kama bahati nasibu. Kuna wiki ilipitika, kuna wiki haikupitika, na hakuna aliyekutangazia mapema. Siku moja lori lilisimamishwa msituni, karibu na Beni, na watu wenye bunduki. Walikufa watatu, wote wa mtaa wetu: baba, jirani yetu wa nyumba ya chini, na dereva. Habari ilitufikia kwa miguu siku ya pili yake.

Hatukuruhusiwa kwenda. Barabara ilifungwa, na kambi ya askari ilitoa karatasi ya kupita kwa mtu mmoja tu, shemasi wa kanisa letu, aende asimamie maziko ya watu watatu ambao wenyeji wa kule walikuwa wamewalaza kando ya barabara. Sasa kwetu maiti haingii udongoni bila kufunikwa, na mume hufunikwa na nguo inayotoka mikononi mwa mkewe. Mke akikosa kumwosha, akikosa kumlilia usoni, walau nguo itoke kwake. Basi wajane watatu walileta nguo zao kwa shemasi, naye akazitia katika gunia moja.

Ninazikumbuka zote tatu, maana mimi ndiye niliyezikunja. Mke wa jirani wa chini alileta kikwembe, yaani kitenge, cha waridi, kile cha bei ya chini kinachotoka Uganda, ambacho ukikisugua kinalia. Mama alikuwa amemtania juu yake miezi mingi. "Ile hapana kikwembe, dada, ile ni mufuko ya plastiki yenye maua." Mke wa dereva alileta cha pamba, alichokuwa akikivaa mwenyewe, kimepindwa pindo kwa cherehani pande zote nne kwa uzi wa nailoni wa buluu. Mama alifungua sanduku akatoa wax ya kweli, ile ya pamba tupu, kikwembe cha mahari yake, majani ya kijani na ndege wa njano. Hakuwahi kukivaa hata siku moja. Hakuwahi hata kukipinda pindo, kilikuwa bado na kingo zake kama kilivyotoka dukani. Alikiweka kwenye shavu kidogo, akanipa.

Shemasi alirudi jioni ya kesho yake. Alisema maneno machache. "Nilibafunika bote batatu, bamama." Mama akamwuliza kama kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, askari walifungua gunia. Walilifungua. "Balikamata kitu?" Shemasi aliomba maji, akanywa kikombe kizima, akasema, "Hapana, mama." Kabla ya mwaka kwisha aliugua homa na kufa, na hakukubaki mtu mwingine wa kuulizwa.

Watu wanadhani mjane wa vita hulala akiuliza ni nani aliyemwua mumewe. Mama hakuuliza hivyo. Aliuliza kama baba alifunikwa. Kile kikombe cha maji, alisema, mtu hanywi maji namna ile kama hana kitu kooni. Kikwembe chake ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote katika lile gunia, na askari wa barrière wana macho. Kwa miaka aliyoishi na swali hilo, alibadilika sokoni. Alikuwa akinunua mboga huku anatazama viuno vya wanawake. Mara moja, kwenye soko kubwa, alimshika mkono mwanamke aliyevaa majani ya kijani, akamgeuza. Hawakuwa ndege, walikuwa samaki. Mama alimwomba msamaha, na yule mwanamke akaondoka akituita wachawi. Niliona aibu, halafu nikaona aibu ya kuona aibu.

Mimi katikati ya hayo yote niliendelea na masomo ya ualimu. Chuo chetu kilikuwa na maabara yenye meza na hakuna kitu juu ya meza. Mwalimu wetu wa biokemia alikuwa mzee mkavu, Mkatoliki, mwenye koti moja, na alifundisha kana kwamba hakuna vita. Somo lililonibakia ni lile la kuvu na selulosi.

Alianza na pamba. Pamba, alisema, ni karibu selulosi tupu, na selulosi ni uzi wa sukari. Sukari moja imeshikana na nyingine, maelfu kwa mstari mmoja, kila moja imemgeuzia mgongo jirani yake. Kisha nyuzi hizo zimelala bega kwa bega, zimebanana hata maji hayapati pa kuingilia. Ndiyo sababu shati lenu limejaa sukari na haliyeyuki mkilifua. Mtu ataila namna gani? Tumbo lako haliwezi. Kuvu haina meno wala tumbo, lakini inaweza, kwa sababu inamwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, vinaenda kukata chakula huko huko nje, halafu yenyewe inanyonya sukari iliyokatwa.

Sisi watoto wa huku vimeng'enya, yaani enzime, tulivijua kwa jina moja tu, papaine, yale maziwa ya papai bichi wanayoyakinga watu wa upande wa Beni na kuyauza yakiwa makavu. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mais, Prof, enzime inakulaka nyama. Inatoshaka ngozi ku bidole." Mzee alifurahi, kwa kuwa alikuwa akilingoja kosa hilo. Akamwuliza: wale wakingaji, wanafunga nini kwenye vidole ili wasichunike? Kitambaa cha pamba. Na papaine inakula kitambaa? Haili. "Donc kila enzime iko na kinywa yake," alisema, "na kinywa inajua kitu moja tu."

Kisha akachora hicho kinywa. Alichora mwili mnene wenye tundu refu linalopita ndani, kama pango lenye milango miwili. Kwenye mwili akafunga kamba iliyolegea, na mwisho wa kamba akachora mguu bapa. Chini ya mguu aliweka pete tatu bapa, zilizopangwa kwa nafasi ile ile ya sukari za kwenye uzi, ili mguu ukikanyaga pamba upate kushika. Mguu unashika, kamba inauacha mwili usogee, mwili unatafuta ncha ya uzi. Enzime ikiipata inaimeza kwa mlango mmoja, inauvuta uzi ndani ya tundu, na karibu na mlango wa pili inakata sukari mbili. Inavuta tena, inakata mbili. Haiachii. Lakini uzi ulio katikati ya kitambaa hauna ncha, kwa hiyo kuvu hutuma pia kimeng'enya cha namna nyingine, ambacho hakina tundu bali mfereji ulio wazi upande wa juu. Hicho kinaweza kulalia uzi popote na kuukata katikati, na hapo ncha mpya zinapatikana kwa ajili ya mwenzake mwenye tundu. Wakifanya kazi peke yao ni wavivu. Wakiwa pamoja wanamaliza shati.

Kutuonyesha, alitoa mfukoni rozari yake na kipande cha mwanzi. Akaipitisha rozari ndani ya mwanzi, na upande wa pili akawa anaikata kwa wembe, shanga mbili, shanga mbili, zinaanguka ndani ya kikombe cha bati. Wasichana Wakatoliki walifanya ishara ya msalaba. Sisi Waprotestanti tulicheka vibaya. Alitungoja tunyamaze, akatueleza kwamba kuvu mojawapo iliyosomwa kuliko zote ilipatikana katika vita vya wazungu, kwenye visiwa vya mbali, ambako mahema na nguo za askari zilikuwa zikiozea mwilini. Darasa zima likaomba ipelekwe haraka kwenye kambi yetu ya Butembo. "Bure tu," mzee alisema. "Ile uniforme yabo iko na nailoni mingi." Tundu lile, alieleza, kuta zake zote zimeundwa kushika sukari, na nailoni haina sukari ya kushikwa. Kuvu itaikanyaga, itafungua kinywa, na haitapata kitu.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha ya kuelewa, ile furaha ya kijinga inayokusahaulisha unaishi wapi. Sikufikiria kikwembe siku ile. Nilikifikiria miaka baadaye, barabara ilipoanza kutulia na kanisa likasema sasa familia tatu zinaweza kwenda kuwatoa watu wao na kuwazika makwao.

Mama alipata nguvu ambazo sikuwa nimeziona kwake tangu msiba. Alifua, alipika, alizungumza peke yake. Mezani akaniambia, "Sasa nitajua. Kikwembe kikiwa pale, alifunikwa. Kikikosa, baliiba." Aliyasema karibu kwa raha, kama mtu aliyeahidiwa jibu.

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kama ninayejibu mtihani. "Hautakiona, mama. Ata kama balimufunika. Ilikuwa pamba safi. Kuvu ilishakula yote." Nikaendelea. Nikamweleza mguu, nikamweleza tundu, nikaeleza kwamba Beni kuna joto na unyevu na kazi inaenda mbio kuliko kwetu kwenye baridi. Nikasema hata kikwembe cha jirani, kile mfuko wa plastiki, ndicho kitakachobaki. Mama aliacha kula. Alinawa mikono, akatoka, na kwa wiki mbili alizungumza nami kwa njia ya masufuria. Sikuwa nimesema uongo, ila nilikuwa nimemnyang'anya jibu lake wiki mbili kabla hajalifikia, na nilikuwa nimemtupia kama ganda la ndizi.

Tulikwenda kwa lori, wajane watatu, wazee wawili wa kanisa, vijana wa kuchimba na mimi. Unaposhuka kutoka Butembo unavua sweta njiani. Kule chini hewa ilikuwa nzito, na udongo wa pale kando ya msitu ulikuwa mweusi, laini, umejaa mizizi myeupe na nyuzi nyeupe za kuvu. Nilizijua. Nilitamani nisizijue.

Wa kwanza kuonekana alikuwa jirani. Jembe lilipogusa kikwembe cha waridi, kilitoka na maua yake yote. Kilikuwa kimechafuka tu. Mjane wake alipiga kelele, akaanguka juu yake, akakishika na kukibusu, na nakumbuka kilikuwa bado kinalia mikononi mwake. Mama alisimama nyuma yake.

Wa pili alikuwa dereva. Kikwembe hakikuwepo. Lakini mzee mmoja alipotaka kupitisha mkono nilimzuia, kwa kuwa niliona uzi. Uzi wa buluu ulikuwa umelala juu ya mifupa kwenye mstari ulionyooka, unakata kona, unaendelea, kona tena. Pindo lote la cherehani lilikuwa pale na nguo haikuwepo. Pamba ilikuwa imeliwa na nailoni ikaachwa mahali pake, kama mwalimu alivyosema. Mke wa dereva alipiga magoti, akaufuata kwa kidole bila kuugusa, pande zote nne. "Njo mie nilishona," alisema. "Njo mie."

Baba alikuwa wa tatu. Tulimtambua kwa jino la mbele lililovunjika tangu ujana wake, hapakuwa na ubishi. Wazee walianza wimbo. Mama hakuimba. Alitazama kile cha waridi, akatazama uzi wa buluu, kisha akatazama baba. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Babili balifunikwa," alisema.

Wimbo ulikatika. Mzee mmoja akasema, kwa huruma, kwamba udongo umekula. Mama hakumgeukia, alinigeukia mimi. "Si unasemaka udongo haina kinywa? Shuka. Uangalie."

Nilishuka. Niliangalia kwa vidole, nikipepeta udongo toka shingoni mpaka miguuni, nikitafuta hata alama ya kijani, hata nukta ya njano. Hakikuwa na pindo, kwa hiyo hapakuwa na uzi wa kutafuta. Nilijua mambo mawili wakati ule, na yote mawili yalikuwa na uzito sawa. Nilijua kwamba pamba safi, mahali kama hapa, kwa miaka ile yote, inakwisha kabisa. Nilijua pia kwamba mwanaume aliyezikwa bila nguo, kwa kuwa nguo yake ilibaki kwenye barrière, angekuwa na udongo huu huu juu ya kifua. Aliyetoa nguo mbaya alipata nguo yake, aliyetoa ya kati alipata pindo, na mama, kwa sababu alitoa nguo nzuri kuliko zote, hakuachiwa hata ushahidi. Nililia mle shimoni kwa hasira. Sijui nilimkasirikia nani, pengine kuvu, ambayo haikuwa na kosa.

Nilipanda juu, naye hakuniuliza mbele ya watu.

Aliniuliza ndani ya lori, tukipanda kurudi, masanduku matatu miguuni mwetu. Mjane wa jirani alikuwa amesinzia na kile kikwembe begani. Mama alisogea karibu nami, jambo ambalo hakulifanya tangu ile siku ya mezani.

"Unielezee tena ile kitu," alisema. "Pole pole. Kama mutu yenye haikusoma."

Nikamweleza. Nikamwambia kuvu ina enzime kama papaine, lakini yake haijui nyama, inajua pamba. Ina mguu unaoshika kitambaa. Ina mwili wenye tundu. Wa kwanza anakata uzi katikati, wa pili anameza ncha na kuuvuta ndani, sukari mbili, sukari mbili, mpaka uishe.

"Na ile ya plastiki?"

"Haiingie ku kinywa yake, mama."

"Na pamba yenye kuwa na mapindo?"

"Pamba inakwisha. Uzi ya nailoni inabakia. Uliiona."

Tulipanda mpaka tukavaa masweta tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Na wax ya kweli? Yenye hapana mapindo?"

"Hapana kubakia kitu."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo, mama."

"Donc kama balimufunika na yangu, tungeona vile tuliona."

"Ndiyo."

Ilikuwa kweli. Alingoja. Alikuwa mwanamke mwenye akili, aliyejua kupima gunia kwa jicho, na nilijua kwamba swali linalofuata litakuwa: na kama hawakumfunika, tungeona nini? Nilijitayarisha kulijibu. Alinitazama, akaona kwamba nimejitayarisha, na hakuliuliza.

"Basi alifunikwa," alisema.

Nilisema, "Alifunikwa, mama."

"Wasingya," akanijibu, asante ya Kinande anayopewa mtu aliyekuletea zawadi, akaniwekea kichwa begani. Tulimzika baba Musienene siku iliyofuata. Toka hapo mama hakutazama tena viuno vya watu sokoni. Aliongezeka mwili, akaanza kumtania yule mjane wa jirani upya, naye akamjibu kwamba plastiki yake imeshinda wax, wakacheka mpaka wakalia.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kila mgeni aliyefika alimsimulia. "Huyu mwana yangu alisoma," alikuwa akisema akinionyesha kwa mkono. "Yeye mwenyewe alishuka mu shimo, akaona kama papa yake alifunikwa." Wageni walinigeukia, wakingoja nami niseme neno, na kila mara nilikubali kwa kichwa. Mle shimoni niliona mifupa na udongo.